Naamka alfajiri kabla ya mume wangu, lakini sijui kama naamini

BARUA

Assalamu alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Pasua hapa Moshi na nauza mitumba ya watoto pale Memorial. Kwetu ni Marangu. Nimekulia katika nyumba ya Walutheri. Nilipata kipaimara, nikaimba kwaya ya usharika hadi nilipomaliza kidato cha nne. Mwaka wa saba huu ni Mwislamu. Sitakuficha kitu: nilisilimu ili niolewe. Mume wangu mwenyewe hakunishurutisha, ila wakwe walisema ndoa haifungwi mpaka binti asilimu. Nilikuwa nampenda, nikaona ni maneno machache tu. Nikatamka shahada Jumatano jioni, Ijumaa tukaozeshwa.

Wifi yangu mkubwa aliniandikia Alhamdu na Kul-huwallahu kwenye karatasi la daftari, kwa herufi zetu za kawaida, nikakariri. Basi, hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Mengine nimeokota kwa kuangalia wenzangu wanainama lini na wanainuka lini.

Tangu hapo najitahidi. Swala tano sikosi, na alfajiri naamka kabla ya mume wangu, naye wakati mwingine haamki kabisa. Ramadhani nafunga, na siku nilizokula kwa sababu ya hedhi nazilipa zote kabla Shaabani haijaisha. Sitoki bila ushungi. Mama mkwe ananisifia kwa kila mgeni anayeingia: "Mnamwona huyu Mchaga wetu? Anawashinda waliozaliwa ndani ya dini." Mawifi wananuna. Mimi nanuna zaidi yao, ila kwa ndani.

Maana tatizo liko huko ndani. Nikiswali sisikii kitu, Shangazi. Wakati wa kwaya nilikuwa naimba mpaka nalia. Sasa midomo inasoma Alhamdu na akili iko kwenye belo: lile la juzi limeniingiza hasara kiasi gani, yule mama wa Majengo atalipa lini. Nikishatoa salamu najiuliza nimefanya nini hapa. Si kwamba nakanusha. Kwamba Mungu ni mmoja sijawahi kuwa na shida na hilo hata siku moja. Lakini mama mkwe akisikia adhana machozi yanamlenga. Ukiniuliza kama naamini vile, nitakudanganya nikisema ndiyo.

Mwaka jana mtoto wangu mdogo alilazwa kwa nimonia. Usiku mmoja hali ilibadilika ghafla, wauguzi wakanitoa wodini. Nilisimama kwenye korido nikaomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Ila niliomba kwa Kichaga, kama alivyokuwa anaomba bibi yangu: Ruwa, Ruwa, yaani Mungu, Mungu. Hata neno moja la Kiarabu halikuja. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu usiku ule nina hofu kwamba ndani bado ni yule yule wa Marangu, na nje nimevaa nguo ya mtu mwingine. Kaka yangu alishawahi kuniambia: "Wewe umebadili nguo, hujabadili dini." Nilimkasirikia. Sasa sijui kama nilikuwa na haki ya kukasirika.

Hata biashara inanitia mashaka. Wateja wananiamini kwa sababu ya ushungi, wanasema huyu mama ni wa dini, hawezi kukuibia. Ni kweli simuibii mtu. Mteja akishika gauni lenye doa namwonesha doa kabla hajalipa, na mwenzangu wa meza ya jirani ananicheka kwa hilo. Lakini najiona kama nakula faida ya kitu nisicho nacho.

Sasa la karibuni. Darasa letu la akina mama pale msikitini limempata binti wa Kibosho anayetaka kusilimu, naye anaolewa. Mwalimu wetu ameniomba nisimame mbele ya darasa, binti huyo akiwepo, nieleze jinsi nuru ya Uislamu ilivyoingia moyoni mwangu. Nilikubali kwa aibu ya kukataa. Tangu hapo silali. Juzi nimefungua tafsiri ya Qurani nikitafuta maneno ya kusema, nikakutana na aya ya wale mabedui waliosema tumeamini, wakaambiwa hamjaamini, imani haijaingia nyoyoni mwenu. Nikafunga msahafu. Niliona imeandikwa kwa ajili yangu.

Niambie ukweli. Niache kuswali kwanza mpaka moyo uamini, ili nisiwe mnafiki? Ndoa yangu ni halali au naishi kwenye zinaa? Nimwambie mume wangu? Yule binti nitamwambia nini? Na kuna la Desemba: ukweni wanasema kwenda Marangu wakati wa Krismasi ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, kwa hiyo wenzangu wote wakipanda kijijini mimi nabaki mjini. Mama yangu anazeeka na mdogo wangu anasema huwa anauliza kama nimekufa.

Mama Wawili, Pasua, Moshi

JIBU

Waalaykumu salaam. Marahaba mwanangu.

Nianze na ndoa, maana ndilo swali linalokutisha kuliko yote na ndilo jepesi kuliko yote. Sura ya Al-Maida, aya ya 5, inawahalalishia wanaume Waislamu kuoa wanawake wenye kujihifadhi miongoni mwa waliopewa Kitabu kabla yetu, na wanazuoni walio wengi wanawaingiza Wakristo humo. Maana yake ni kwamba hata ungebaki Mlutheri wa Marangu, kijana wao angeweza kukuoa na ndoa ikasimama. Wakwe zako walitaka zaidi ya hapo, na kila nyumba ina matakwa yake, lakini hicho si kitu ambacho uhalali wa ndoa yako unaning'inia juu yake. Tena wewe shahada uliitamka, na unaishi kwa mujibu wake. Hukumu za watu duniani zinakwenda kwa kinachoonekana. Sahaba Usama bin Zaid alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kusema La ilaha illallah, akajitetea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba jamaa alisema kwa kuogopa silaha tu. Mtume akamuuliza: kwani ulimpasua moyo wake ukajua? Akalirudia swali hilo mpaka Usama akatamani kama angekuwa amesilimu siku ile tu. Basi asikupasue mtu moyo, na wewe mwenyewe uweke kisu chini. Mimi si mufti. Ukitaka kusikia hili kutoka kwa mwenye elimu, mwendee sheikh unayemwamini na uulize bila kutaja jina la mtu. Neno zinaa lakini litoe kichwani leo.

Sasa unafiki. Umelitumia neno hilo kwa wepesi mno, mwanangu. Wanafiki wa Madina ambao Qurani inawasema hawakuwa watu waliokosa machozi kwenye swala. Walikuwa watu waliokwisha kukata shauri moyoni kwamba Mtume ni mwongo, na wakatumia swala kama ngao. Sura ya Al-Baqara inawaeleza: wakikutana na walioamini husema tumeamini, na wakijitenga na wenzao husema sisi tuko nanyi, wale tunawafanyia mzaha tu. Wewe wenzako ni akina nani ambao mkijitenga mnaicheka swala? Na sura ya An-Nisaa inasema wakisimama kuswali husimama kwa uvivu, wakitaka watu wawaone. Wewe alfajiri unaamka mume amelala. Hapo nani anakuona, mbu?

Kuna mtu katika kizazi kilichowafuata masahaba aliyeitwa Ibn Abi Mulayka. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amemnukuu akisema aliwakuta masahaba thelathini wa Mtume, na kila mmoja wao alikuwa akiuhofia unafiki juu ya nafsi yake. Waliomwona Mtume kwa macho, wakaswali nyuma yake! Kwa hiyo hofu yako ina wenyeji wazito.

Nije kwenye ile aya, kwa sababu ulifunga msahafu mapema mno. Ni sura ya Al-Hujurat, aya ya 14. Wafasiri wanaeleza kuwa ilishuka kwa mabedui wa Banu Asad waliokuja Madina mwaka wa ukame, wakawa wanamsimbulia Mtume: sisi tumekufuata bila kukupiga vita, basi tupe. Walijidai imani kamili na wakataka malipo yake kwa sadaka. Wakajibiwa: hamjaamini, bali semeni tumesilimu, kwani imani haijaingia bado nyoyoni mwenu. Ungeendelea mstari mmoja ungekuta maneno haya: na mkimtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, hatakupunguzieni chochote katika amali zenu. Angalia wametendewa nini. Hawakufukuzwa msikitini. Hawakuambiwa waache kuswali hadi nyoyo zao zitakapokuwa tayari. Wameambiwa waseme kile walicho nacho, wasiseme wasicho nacho, na wakaahidiwa kwamba utiifu wao wa nje, ukiwa hivyo hivyo ulivyo mchanga, haupotei.

Kosa lao lilikuwa kudai. Wewe katika barua nzima hudai chochote, tena unajinyima hata ulicho nacho. Isipokuwa mahali pamoja: hapo ulipokubali kusimama mbele ya akina mama ueleze nuru iliyokuingia wakati wewe mwenyewe unasema hujaiona. Swala yako haina uongo ndani yake. Hotuba hiyo ndiyo ingekuwa na uongo, na nadhani moyo wako unalijua hilo, ndiyo maana usingizi umepotea tangu mwalimu alipokuomba na si tangu uliposilimu. Mtume alisema imani ina matawi sabini na kitu. La juu kabisa ni kusema La ilaha illallah, la chini kabisa ni kuondoa njiani kinachowaudhi watu, na kuona haya nako ni tawi la imani. Hiyo aibu inayokukosesha usingizi iko ndani ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo darasani usihutubu. Mwambie mwalimu wako, mkiwa wawili: "Mwalimu, mimi bado ni mwanafunzi, sistahili kuhutubia. Nipe nimfundishe huyo binti udhu, na niwe naye siku zake za kwanza." Hakuna mwalimu mwenye akili atakayelikataa hilo. Akikushikilia, sema hapana mara ya pili. Na sifa za mama mkwe zivumilie kwa adabu, ila elewa kwamba mzee wa watu anakuvika kilemba cha ukoka bila kujua, kwa mapenzi yake. Usimwendee kumsimulia yaliyo moyoni mwako. Hana atakachokusaidia, na kesho atawasimulia wageni.

Umeniuliza kama uache kuswali kwanza. Hapana. Na sababu yangu si kwamba majirani watasema. Fudhail bin Iyadh, mmoja wa wacha Mungu wakubwa wa zamani, alisema kuacha amali kwa ajili ya watu ni ria, yaani kujionesha, na kuifanya kwa ajili ya watu ni shirki, na ikhlasi, yaani usafi wa nia, ni Mwenyezi Mungu kukuepusha na yote mawili. Anayeacha kuswali ili asionekane mnafiki bado anawatazama watu wale wale. Kisha kuna jambo la kawaida kabisa: ukiiacha, hicho unachokitafuta utakikutia wapi? Belo litabaki pale pale, madeni yatabaki, na nafasi pekee ya siku unayosimama mbele ya Mola wako utakuwa umeifuta.

Lakini sikubaliani na kipimo chako. Unapima imani kwa machozi ya kwaya. Simdharau yule msichana wa Marangu, na sijui kilichokuwa moyoni mwake, ila sauti nne zikipanda pamoja kanisani hutoa machozi hata kwa mtu aliyeingia kukwepa mvua. Hisia huja na huondoka. Sahaba mmoja, Hanzala, alikutana na Abubakar akamwambia: Hanzala amekuwa mnafiki! Kwa nini? Akasema tukiwa kwa Mtume akatukumbusha Pepo na Moto tunakuwa kama tunaviona kwa macho, tukirudi kwa wake na watoto na mali zetu tunasahau mengi. Abubakar, unamjua Abubakar ni nani, khalifa wa kwanza, akajibu: wallahi hata sisi hutupata hayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume. Akawaambia lau mngedumu katika hali mnayokuwa nayo kwangu, malaika wangepeana nanyi mikono vitandani mwenu na njiani mwenu. Lakini, ewe Hanzala, saa hii na saa hii. Akalirudia mara tatu. Hadithi hii imo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim. Mali za Hanzala huenda zilikuwa ngamia na mitende, zako ni belo. Akili zinakwenda kule kule.

Na kuna sababu ya ukavu wako ambayo umeitaja kisha ukaipita kama si kitu. Karatasi la daftari! Mtu mzima, aliyemaliza kidato cha nne, amefundishwa dini kwa karatasi moja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekaa naye kumweleza anachosema. Rakaa za faradhi kwa siku ni kumi na saba, kwa hiyo Alhamdu unaisoma angalau mara kumi na saba kila siku, na naweka dau kwamba ukiulizwa aya ya nne inasema nini utababaika. Moyo uguswe na nini? Hapa sikulaumu wewe. Nawalaumu waliokuwa na haraka ya kukuozesha Ijumaa na wasiwe na haraka ya kukufundisha Jumamosi. Tumezoea kusherehekea waliosilimu siku wanapotamka shahada, takbiri mpaka koo zinakauka, kisha tunawaacha waokote dini kwa kuchungulia wenzao wanainama lini.

Basi anza na sura hiyo hiyo moja. Jifunze maana yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata ikikuchukua mwezi. Halafu uijue hadithi moja ya Muslim, ambayo kwangu ni miongoni mwa hadithi tamu kuliko zote kuhusu swala. Mwenyezi Mungu anasema: nimeigawa swala baina yangu na mja wangu nusu mbili. Mja akisema Alhamdulillahi Rabbil-alamin, Mwenyezi Mungu husema mja wangu amenihimidi. Akisema Arrahmanir-Rahim, husema mja wangu amenisifu. Akifika Iyyaka na'abudu wa iyyaka nasta'in, yaani Wewe tu tunakuabudu na Wewe tu tunakuomba msaada, husema hili ni baina yangu na mja wangu, na mja wangu atapata alichoomba. Kwa hiyo usiikimbize. Soma aya moja, nyamaza pumzi moja, soma inayofuata. Kuna siku akili itarudi kwenye belo. Ikirudi, nawe irudishe, bila kujitukana. Mtume amesema mtu humaliza swala yake asiandikiwe ila sehemu ya kumi yake, ya tisa, ya nane, mpaka akataja nusu. Ukiandikiwa sehemu ya kumi leo, ni zaidi ya aliyelala.

Sasa twende kwenye korido. Ndiyo sehemu ya barua yako niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, na nashangaa umeileta kama ushahidi dhidi yako. Usiku ule hapakuwa na mama mkwe, mwalimu wala mteja. Ulikuwa na mtoto anayepumua kwa shida, na ukamwita Mmoja. Hukumwita mganga, hukuita mizimu ya kihamba, shamba la ukoo, hukumwita hata marehemu bibi yako. Umesema mwenyewe kwamba umoja wa Mungu hujawahi kuwa na shida nao. Qurani, sura ya 29, aya ya 46, inawafundisha Waislamu wawaambie watu wa Kitabu: Mungu wetu na Mungu wenu ni Mmoja. Dua ya mtu aliyebanwa haina sharti la lugha. Ndani ya swala ya faradhi wanazuoni wana maneno yao kuhusu kuomba kwa lugha isiyo Kiarabu, kwa hiyo humo baki na ulichofundishwa. Lakini ukishatoa salamu, watoto wamelala, inua mikono useme Kichaga mpaka uchoke. Mwambie hata hili, kwamba humsikii. Nabii Ibrahim aliomba aoneshwe jinsi wafu wanavyohuishwa. Akaulizwa, kwani huamini? Akasema naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Hakukemewa kwa ombi hilo. Na Bibi Ummu Salama, mke wa Mtume, alisema dua aliyoikithirisha Mtume nyumbani kwake ilikuwa hii: Ewe mwenye kugeuza nyoyo, uthibitishe moyo wangu katika dini yako. Kama yeye aliiomba, wewe unaona aibu ya nini?

Kuhusu meza yako pale Memorial. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza muuzaji, akaambiwa ni mvua. Akasema: kwa nini hukuuweka juu watu wauone? Anayetudanganya si katika sisi. Rundo lile lilikuwa kavu nje na bichi ndani, na wewe unahofia kuwa hivyo. Lakini mkononi mwako kuna gauni lenye doa na unaligeuza mteja alione, jirani anacheka, na bado kesho unarudia. Kitu gani kinakufanya uoneshe doa? Sijauliza ili unijibu mimi. Sura ya Al-Maun inawatisha watu wanaoswali, ndiyo, wanaoswali, ambao wameghafilika na swala zao, wanajionesha, na wanawanyima watu hata msaada mdogo. Ninyi nyote mnaoogopa kwamba moyo haujafika, tazameni na huko, kwenye mizani na chenji na deni la watu, kabla hamjajihukumu kwa ukavu wa macho.

Inawezekana siku moja utakaa ukaona kwamba huamini kabisa. Siyasomi hayo katika barua yako, ila kama yapo, usiyafunike kwa ushungi mpaka uzeeni. Niandikie tena, au tafuta mwenye elimu na huruma. Hakuna kulazimishana katika dini, Al-Baqara 256, na hilo linamhusu pia aliyekwisha kuingia ndani ya nyumba.

Mume wako mwambie, lakini usimwendee na kichwa cha chini kama mwizi aliyekamatwa. Ukianza na "nilikudanganya", atasikia kwamba mapenzi yenu yalikuwa uongo, na si kweli. Mwambie umechoka kusoma usichokielewa, unataka mjifunze pamoja. Huenda naye, huyo anayelala alfajiri, anakariri tu kama wewe na anaona haya kusema kwa sababu amezaliwa ndani ya dini.

Binti wa Kibosho mwite pembeni, mpikie chai. Najua ninachosema sasa kitawaudhi baadhi ya wakwe: mwambie kwamba ndoa peke yake haimlazimu kusilimu, na kwamba akisilimu afanye hivyo akijua anachosema. Muulize nani atamfundisha baada ya harusi. Akikosa jibu, jitolee wewe. Utajifunza zaidi ya yeye. Na akikuuliza kama moyo wako umefika, mjibu kama ulivyoniandikia mimi.

La mwisho ni mama yako, na hapa nimekasirika kidogo. Bibi Asma binti Abubakar alitembelewa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, anaabudu masanamu. Akamuuliza Mtume amwendee kwa wema? Akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako. Na sura ya Luqman, aya ya 15, inasema wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Mama yako hakukushurutisha chochote. Anauliza tu kama uko hai. Anayesema kumtembelea ni shirki alete dalili yake. Ibada ya kanisani si yako, usiende. Ukiona tarehe 25 italeta maneno ukweni, panda tarehe 27, Marangu haihami. Nenda na mume na wajukuu. Mbuzi achinje mume wako ili mle nyote sufuria moja, ndugu zako hawatakataa, wamezoea. Pombe ya mbege waachie wenyewe.

Shangazi